Kamera Haijui Inamtazama Nani

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za miradi za sharika, Kibosho



Tumeombwa tuzungumze juu ya matumizi ya kamera ya mkanda, ile aina ya SLR, ambayo mpigaji hutazama kupitia lenzi ileile inayopiga picha. Bila shaka wapo watakaouliza kwa nini tushughulike na kamera ya mkanda wakati karibu kila mjumbe hapa ana simu inayopiga picha. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, kamera hizi bado zipo katika makabati ya ofisi na nyumba nyingi, nyingine zikiwa nzima kabisa, na mikanda bado inatengenezwa na makampuni kama Kodak la Marekani na Ilford la Uingereza. Pili, simu huamua mambo mengi bila kukuuliza. Kamera ya mkanda hukudai uamue mwenyewe, na aliyejifunza kuamua kwa kamera hii ataijua hata simu yake vizuri zaidi.

Suala lenyewe si dogo. Mara nyingi tunapokea taarifa zenye picha ambamo migomba inaonekana, bati la nyumba linaonekana, hata anga linaonekana, lakini mama aliyepanda miche ya kahawa anaonekana kama kivuli. Msomaji aliye mbali hawezi kumwona machoni. Mama huyo ndiye shahidi wa kwanza wa mradi, na ushahidi wake umefutwa. Hivyo basi, leo tutaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea na jinsi ya kulizuia.

Mambo matatu yanayopima mwanga

Hapa kwetu hakuna asiyejua zamu ya maji. Ukitaka maji ya kutosha shambani unaangalia mambo matatu: upana wa mlango unaoufungua kwenye mfereji, muda unaouacha wazi, na udongo wako unahitaji maji kiasi gani. Mwanga ndani ya kamera huenda vivyo hivyo.

Upana wa mlango ni tundu la lenzi. Kwenye pete ya lenzi mtaona namba 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Namba ndogo ni tundu kubwa, na namba kubwa ni tundu dogo. Wengi huchanganyikiwa hapa, kwa hiyo tulikariri. Kila ukihama namba moja kati ya hizo, mwanga unaongezeka mara mbili au unapungua kwa nusu. Sisi tutaiita hatua moja.

Muda ni kasi ya pazia dogo lililo mbele ya mkanda. Namba 60, 125, 250 na 500 ni sehemu za sekunde. 125 maana yake ni sehemu moja ya 125 ya sekunde. Hapa pia kila namba ni hatua moja. Herufi B maana yake pazia litabaki wazi kwa muda wote unaobonyeza kitufe.

Udongo ni mkanda wenyewe. Mkanda wa ISO 100 unahitaji mwanga mwingi, wa 400 unahitaji robo yake tu. Kamera nyingi za zamani, kama Pentax K1000 iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, haziwezi kusoma namba hiyo kwenye mkanda. Ni lazima uiweke wewe mwenyewe siku unapouingiza. Ukisahau, kipimo cha mkanda mzima kitakuwa na kasoro.

Ikiwa betri ya kipima mwanga imekwisha, msiache kazi. K1000 hupiga picha hata bila betri, kwa kuwa betri yake ni ya kipima mwanga tu. Kamera nyingine, kwa mfano Canon AE-1, haifungui pazia bila betri, hivyo ni vema mjue yenu ni ya aina gani kabla ya safari. Kanuni ya kukumbuka penye jua kali ni hii: weka tundu 16, na kasi iliyo karibu na namba ya mkanda. Mkanda wa 100, kasi 125. Mkanda wa 200, kasi 250. Mkanda wa 400, kasi 500. Kutoka hapo unaweza kubadilishana: 16 kwa 125 ni mwanga uleule wa 11 kwa 250, au 8 kwa 500. Ukibana mlango hatua moja, ongeza muda hatua moja.

Kipima mwanga kinavyodanganyika

Ndani ya kamera kuna kipima mwanga. Kwenye nyingi ni sindano inayopanda na kushuka pembeni mwa kioo cha kutazamia. Sindano ikikaa katikati, wengi huamini kwamba kipimo ni sahihi. Hapo ndipo penye tatizo.

Kipima mwanga hakijui kama kinatazama theluji, shati la kwaya au uso wa mzee. Kimetengenezwa kikidhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha kati. Kikiona kitu cheupe sana, hudhani mwanga umezidi na hukuambia upunguze. Kikiona kitu cheusi, hukuambia uongeze.

Tuchukue mfano wa kihamba. Mama amesimama chini ya migomba. Nyuma yake kuna upenyo, na anga jeupe linaonekana. Mkanda ni wa 200. Kipima mwanga kinaona lile anga na kusema tundu 11 kwa kasi 125. Ukitii, anga litatoka vizuri na mama atakuwa kivuli.

Sasa mkaribie. Mwombe anyooshe kiganja chake pale pale kivulini, kikielekea kamera, au tumia kiganja chako mwenyewe ikiwa mko katika mwanga mmoja. Jaza kioo chote na kiganja na usome kipimo. Tuseme kinasema 8 kwa 125. Viganja vya watu wote, weusi kwa weupe, havitofautiani sana, na kwa kawaida huwa vyeupe kuliko kile kijivu cha kati kwa hatua moja hivi. Kwa hiyo fungua hatua moja: 5.6 kwa 125. Rudi ulipokuwa, usiguse kitu tena hata sindano ikilalamika, na upige. Uso utaonekana. Anga huenda likaungua kidogo, lakini hatukwenda pale kupiga picha ya anga.

Penye watu waliovaa nguo nyeupe juani, au theluji ya Kibo ikijaza kioo, fanyeni hivyohivyo kwa kufungua hatua moja hadi mbili kuliko kipimo kinavyosema. La sivyo theluji itatoka kijivu, na nyuso za waliovaa mashati meupe zitazama gizani. Ukiwa na shaka, mkanda wa negativu huvumilia mwanga kuzidi kuliko mwanga kupungua. Kisichoandikwa kwenye mkanda hakuna fundi atakayekirudisha wakati wa kusafisha.

Tatizo hili lina historia

Wajumbe wasidhani kwamba nyuso zetu ni ngumu kupiga. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, maabara za kusafisha picha za rangi huko Marekani na kwingineko zilipanga mitambo yao kwa kutumia kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Picha ya mwanamke huyo ikitoka vizuri, mtambo ulihesabiwa kuwa uko sawa. Rangi za kahawia na nyeusi hazikuwa kipimo cha mtu yeyote. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, aliyechunguza historia hiyo, alielezwa kwamba miongoni mwa waliolalamika mapema walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa sababu bidhaa zao hazikutofautishwa vizuri kwenye picha. Mikanda iliyofuata iliboreshwa, na ya siku hizi inabeba rangi zetu vizuri. Kilichobaki ni mkono wa mpigaji. Mkanda mzuri hausaidii kitu kama kipimo kilichukuliwa angani.

Tundu huonyesha na huficha

Tundu la lenzi lina kazi ya pili: huamua ni umbali gani mbele na nyuma ya mtu utaonekana wazi. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50, ukimpiga mtu aliye mita 2 kwa tundu la 2, sehemu yenye ukali haizidi sentimita 20 hivi. Ukilenga jicho, hata sikio linaanza kufifia. Kwa tundu la 11, mtu huyohuyo na vitu vilivyo kati ya mita 1.6 na mita 2.7 vitaonekana wazi. Ukiiweka pete ya umbali kwenye mita 8 kwa tundu la 11, karibu kila kitu kuanzia mita 4 hadi mlimani kitasomeka.

Hapa tunaomba tuwe wakweli. Tundu kubwa hutengeneza picha ya kupendeza: mche mmoja wa kahawa unang'aa, na yaliyo nyuma yamekuwa ukungu. Lakini kama nyuma ya mche ule kuna mfereji uliobomoka ambao ndio sababu miche mingine 40 imekauka, picha ile imeficha habari. Kwa picha ya taarifa, tunapendekeza 8 au 11 kila mwanga unaporuhusu, ili mtu na kazi yake waonekane pamoja. Kwa picha ya uso pekee, 4 inatosha.

Kasi nayo inaweza kudanganya

Ukishika kamera mkononi na lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya kasi ya 60, kwa kuwa mkono utatikisika na picha itafifia. Lenzi ya milimita 135 inahitaji 250 kwa usalama. Chini ya hapo tafuta stendi, au egemeza kamera ukutani. Jembe likiwa hewani linahitaji 500 ili lisimame. Watoto wanaokimbia, 250 au zaidi.

Maji ya bomba yanahitaji uangalifu wa pekee. Bomba linalodondosha matone ya harakaharaka, ukilipiga kwa nusu sekunde kamera ikiwa juu ya stendi, matone huungana na kuonekana kama maji yanayotiririka. Ukilipiga kwa 250, kila tone linaonekana peke yake. Bomba ni lilelile. Kamati inayopeleka picha ya kwanza bila maelezo imetoa takwimu isiyo sahihi, hata kama haikuandika namba yoyote. Kwa hiyo picha za maji zipigwe kwa 125 au 250, na pembeni ya bomba iwekwe ndoo ya lita 20 na kuandikwa dakika ilizochukua kujaa.

Ndani ya ukumbi usiku mtahitaji flashi. Kila kamera ina kasi ya mwisho inayokubaliana na flashi. Kwa K1000 ni 60, na mara nyingi imewekewa alama ya X. Ukizidisha, sehemu ya picha itatoka nyeusi kwa sababu pazia lilikuwa halijafunguka lote. Aidha, flashi ikipigwa usoni moja kwa moja hung'arisha paji la uso na kuacha macho. Kama dari ni jeupe na si la juu sana, elekezeni flashi darini ili mwanga ushuke kwa upole, nanyi mfungue tundu hatua mbili au tatu.

Mlima unatufundisha kurudia

Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliupima Mlima Kilimanjaro kwa njia ya picha zilizopigwa kutoka sehemu maalumu zilizoandikwa. Barafu ya wakati huo ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Watafiti walipolinganisha na picha za angani za miaka ya baadaye, waliona kwamba hadi mwaka 2007 asilimia 85 ya barafu ile ilikuwa imetoweka. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu watu wa kwanza waliandika walisimama wapi na lini.

Nasi tunaweza kufanya hivyo kwenye miradi yetu. Chagueni mahali pasipohama: kona ya jengo, jiwe kubwa, au masale ya mpaka ambayo kila mtu anayaheshimu. Simameni hapo kwa lenzi ileile, tundu lilelile, mwezi uleule na saa ileile, mwaka hadi mwaka. Kilichobadilika kitajionyesha chenyewe.

Mwezi una maana yake. Kibosho iko kusini mwa Kibo. Mwezi Juni na Julai jua la mchana liko upande wa kaskazini, ambako ndiko mlima uliko, na ukielekeza kamera huko unaelekea jua. Desemba na Januari jua la mchana liko nyuma yako. Kwa vyovyote, pigeni asubuhi, kabla mawingu hayajaushika mlima.

Daftari na majina

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kamera ya mkanda haiandiki tarehe wala saa kama simu. Mkanda mmoja una picha 36, na kila picha ina namba yake kwenye ukingo wa negativu. Andikeni kwenye daftari: namba ya picha, tarehe, mahali, tundu, kasi, na jina kamili la aliyepigwa kama ameridhia liandikwe.

Wamisionari wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893, waliacha picha nyingi za watu wa mlima huu. Leo nyingi zinaweza kutazamwa katika hazina ya picha za misheni iliyoko Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani. Tunashukuru kwamba zipo. Lakini mara nyingi maelezo yake husema tu mwanamke wa Kichaga, au vijana wa shule. Bibi yule alikuwa na jina, na huenda wajukuu zake wako humu ukumbini. Hawawezi kumtambua. Ingegharimu mstari mmoja wa wino.

Vilevile, ombeni ruhusa kabla ya kuinua kamera, na kwa mtoto ulizeni wazazi. Mwelezeni mtu picha itakwenda wapi. Picha zikisafishwa, nakala moja irudi kwake.

Utunzaji

Ingizeni mkanda kivulini. Baada ya kufunga mfuniko, vuteni mkanda huku mkiangalia kitasa cha kurudishia; kama hakizunguki, mkanda haujashika, na mtapiga picha 36 za hewa. Ukiisha, bonyezeni kitufe kilicho chini ya kamera, rudisheni mkanda wote ndani ya kopo lake, ndipo mfungue. Wakati wa masika msiache kamera ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa, maana unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi. Wakati wa kiangazi jihadharini na vumbi la barabarani. Na kabla ya kununua mkanda, ulizeni kwanza utasafishwa wapi na kwa gharama gani, muiweke kwenye bajeti.

Maombi yetu

Kwa kamati, tunaomba kila usharika uteue watu wawili, mmoja wa kupiga na mmoja wa kuandika daftari. Mkanda wa kwanza utumike kwa mazoezi: mtu mmoja apigwe chini ya mgomba kwa kipimo cha anga, kisha kwa kipimo cha kiganja, na tofauti ijadiliwe kwenye kikao.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba mpokee picha za kawaida. Bomba linalodondosha, miche iliyokauka na mama anayecheka vyote ni sehemu ya kazi mliyochangia. Mkiletewa picha nzuri mno, ulizeni namba yake kwenye daftari. Swali hilo halitatuudhi hata kidogo.

Kamera iko hapa mezani, na mkanda umo ndani. Anayetaka kuanza na asogee dirishani, atupe kiganja chake, tusome kipimo pamoja.